Kamyo ya kijani ya Bahati

Lundi, tarehe 3
Nimemukosea Bahati, mudogo yangu. Nilifuta jeu yake, ule muchezo ya ku mashini, kisha nikamudanganya. Naandika hapa kwanza juu kinywa yangu inakataa.

Ilikuwa jana, dimanche. Alienda ku misa na mabekiyi yake, zile fimbo mbili za kutembelea, miye nikabaki, tumbo ilikuwa inaniluma. Nikawasha mashini. Ni ile jeu ya mbio ya magari, ya pili, binamu yetu alimuletea toka Goma. Nikaingia mu kamyo yake ya kijani. Miezi tatu alikuwa anaifungulia barabara, moja moja. Aliipaka rangi sawa ile kamyo yetu ya zamani.

Nikasimamisha ku mulima niangalie bonde. Na nikaogopa. Kamyo ku muteremuko, bila kale! Nilikuwaka convoyeur wa Bahati, utingo wake, yeye ku usukani, miaka kumi na moja. Kamyo ikisimama, naruka chini, naweka kile kipande ya mbao nyuma ya tairi. Njo kazi yangu. Basi nikatafuta bouton ya kale. Nikafinya hii, nikafinya ile. Mashini ikauliza, nikaitika. Ikauliza tena, nikaitika. Yote ikafutika.

Aliporudi nikasema courant ya soleil, umeme ya jua, ilikatika.

Anazani ni yeye alifunga nyaya mubaya.

Mardi, tarehe 4
Sombe na bugali. Alikula kidogo. Hakuwasha mashini.

Mercredi, tarehe 5
Nakumbuka vile aliisifu hii ya pili. Ile ya kwanza ilikuwa inakufunga mu barabara sawa mbuzi ku kamba. Hii, unatoka, unapanda kilima yoyote unataka. Mvua inapiga ku kioo sawa mvua ya kwetu. Matope inashika tairi kweli kweli. Siku ya kwanza alicheka mpaka muke yangu, Mama Neema, akatoka mu jikoni na mwiko mukononi.

Lakini alilalamika pia. Muziki yote ya wageni, akaizima, akaimba mwenyewe. Gari inagonga mawe, inajitengeneza yenyewe, bila fundi, bila matusi. Na barabara haina muntu. Akanilalamikia, miye mukubwa yake:
"Yaya, kilometre na kilometre, hata mama moja wa kuuzisha ndizi! Ukikwama, nani atakusukuma?"
Miye nikasema ubaya yake ni haibebe mizigo, hata gunia moja ya maharagi.
"Weye! Hata humu unalilia mizigo!"

Alikuwa na furaha. Nilimupokonya.

Jeudi, tarehe 6
Mama Neema anasema Bahati alimupatia manette, ile ya kushika mukononi ya kuchezea, aiweke mu sanduku. Na hatembee tena. Alikuwaka na desturi: barabara moja mu jeu, kisha muzunguko moja mu kiwanja na mabekiyi. Docteur alifurahi sana na hiyo. Sasa siku ine anakaa tu ku kiti.

Leo aliniomba musamaha. Yeye! Eti aliharibu batri ya nyumba. Nilitoka inje, nikasimama nyuma ya choo sawa mwizi.

Vendredi, tarehe 7
Bahati alikuwa ku usingizi wa muchana. Nikaondoa manette mu sanduku. Nikachukua gari ya kuanzia, ile wanapatia kila muntu, nikaisimamisha ku muteremuko. Nikangoja dakika kumi. Haikutembea hata kidogo. Njo makosa kubwa ya hii jeu. Ao njo uzuri yake, sijui.

Kamyo yetu ya kweli ilitembea. Ilikuwa ku Ngungu, mvua, tumetoka Bweremana na samaki. Kamyo ilisimama ku mulima. Bahati akashuka kuangalia tairi ya nyuma. Miye nilipashwa kuwa na kale pale. Nilikuwa ku upande ingine, nabishana bei na mama wa ndizi. Kamyo ikarudi nyuma. Mguu yake ikabaki chini ya tairi.

Niliambia bantu wote kale iliteleza. Haikuteleza. Haikuwa pale. Miaka sita nasema iliteleza.

Bahati hajaniulizaka hata siku moja. Lakini leo neno yake ya mama wa ndizi inanirudilia mu masikio.

Samedi, tarehe 8
Asubui nilichonga kale. Mubao nguvu, wa pori ya Walikale. Bahati alikuwa ku kiti yake, ananiangalia.
"Hiyo ya nini, yaya?"
"Ya kamyo."
"Kamyo gani?"
Nikaendelea kuchonga. Akanyoosha mukono, nikamupatia. Akapima ncha na kidole.
"Punguza hapa kidogo. Haitaingia muzuri."
Nikapunguza.

Kesho, dimanche tarehe 9, tukitoka ku misa, mbele ya kukula, nitaweka hii kale pembeni ya kiti yake. Nitamwambia ya jeu. Nitamwambia ya Ngungu, na mama wa ndizi ndani. Kisha, kama atakubali, nitamuwashia mashini na nitaikala upande wa convoyeur, mpaka barabara ya kwanza ifunguke tena.