Posa ya Mawe

Wamekubali, Mejumaa! Mishi wako na Salimu wangu wanaoana! Kaka yako Bakari ametamka kwa mdomo wake mbele ya wazee, nami niko nyuma ya pazia nasikia kwa masikio yangu haya.

Haya, sasa salamu. Shoga yangu, Mungu akulaze pema. Sisi hatujambo, na mbuzi wako mwekundu amezaa. Najua hakuna posta ya huko uliko, lakini habari hii nimeshaieleza Msambweni nzima na bado inaniwasha. Wa kuelezwa hasa ni wewe.

Siku zile unaumwa ulinishika mkono ukasema, "Mishi asiende mbali nawe." Nikakuahidi. Lakini kwetu neno la mwisho ni la mjomba, na Bakari alikuwa amekaza shingo: "Simwozi mpwa wangu kwa mtu anayezunguka porini akigonga mawe kwa nyundo kama aliyepagawa."

Aliyepagawa! Mwanangu ni msaidizi wa Mzungu anayechunguza madini huko milimani, Kwale ya ndani. Wenziwe wanabeba hema, yeye anabeba darubini. Na akirudi nyumbani hunifundisha, kwa hiyo nami kidogo ni mtaalamu.

Jiwe, anasema, si madini. Jiwe ni kama pilau. Madini ni wali, nyama na bizari zilizomo. Na kila madini yana tabia zake, kama watu. Kuna yanayong'aa kama sufuria mpya, kuna yanayong'aa kama chupa. Ulanga hubanduka karatasi karatasi. Chumvi ivunje utakavyo, itatoka vijisanduku tu. Yaliyo laini hukwaruzika kwa ukucha, mengine yataka senti ya shaba, mengine kisu, na mengine ndiyo yenyewe yakwaruzayo kioo. Kioo changu cha kabati sasa kina mstari. Hata wanja wetu wa manga ni madini, mazito kama risasi. Miaka yote tunajipaka elimu machoni wala hatujui!

Lililonifurahisha zaidi ni hili: rangi ya usoni haiaminiki. Jiwe unalisugua juu ya kigae kisichong'arishwa, ukatazama rangi ya unga wake. Nikamwambia, mwanangu, hiyo si liwa hiyo? Kijiti cha liwa, ule msandali wetu wa kujipaka, nani anakijua mpaka akisugue? Akacheka. Tena ana kichupa cha tindikali. Akadondosha tone juu ya kijiwe cha kusugulia liwa ulichoniachia, kikatoa povu kama mdomo wa ngamia. "Ni matumbawe, mama, ndiyo tabia yake." Nikampiga kofi la mgongo. Kijiwe cha Mejumaa hakifanyiwi mtihani!

Basi, siku ya posa. Tambuu, udi na halua nilivifunga katika leso ya kisutu, ile ya maarusi. Nawe wajua leso ni doti, ndugu wawili wanaofanana. Ile ya pili Salimu kaichukua bila ruhusa akafungia mawe ya bwana wake. Mafurushi yamekaa pamoja mlangoni. Kwa hiyo mimi sikukosea.

Mzee Hamadi, msemaji wetu, akasafisha koo pale barazani, akasema tumekuja kuomba ua, akafungua leso. Mawe matupu! Kila moja limeviringwa karatasi yake kama peremende.

Bakari akatazama, akatazama tena. "Mmekuja kumposa au kumpiga mawe?"

Nyuma ya pazia wanawake wakaanguka kwa kicheko. Mimi natamani ardhi ipasuke. Mara Salimu huyo, mbio, jasho linamtoka, furushi la tambuu kichwani. Bwana arusi kwenye posa yake mwenyewe, umeona wapi!

"Afadhali umekuja," Bakari akasema. "Kaa utueleze. Hii ndiyo mahari?"

Maskini mwanangu akawapa wazee shikamoo zao, akakaa, akaanza kueleza jiwe moja moja. Shoga, alisema vizuri! Wazee wakasogea. Mzee Hamadi akakwaruza moja kwa ukucha wake akafurahi kama mtoto. Kisha Bakari akainuka, akaingia ndani, akarudi na kitu kwenye kitambaa.

Ile dhahabu yake, Mejumaa! Ile aliyoiokota ujanani, aliyoturingia nayo ati ipo siku atajenga ghorofa.

"Haya, fundi. Na hili?"

Nikamwombea mwanangu uongo mdogo tu, wa kufaa siku hiyo. Akalisugua juu ya kigae: mstari mweusi kama masizi. Akaligonga pembeni kwa nyundo: likameguka.

"Nisamehe, mjomba. Dhahabu ingeacha mstari wa manjano, na nyundo ingeifanya bapa, isivunjike. Hili ni madini ya chuma na kiberiti."

Ndevu za Bakari zikaanza kutikisika. "Kijana, chukua mawe yako uto..."

Hakumaliza. Wifi yako Nimwaka alipitisha mkono katika pazia, na mkononi mna herini. "Mwanangu Salimu, kabla hujatoka nipimie na hii. Mjomba wako alinioa nayo, akaniapia ni dhahabu tupu."

Unakumbuka siku ya arusi yao ulivyoninong'oneza habari za herini zile? Mimi nilikumbuka. Na Bakari, nilivyomchungulia, alikuwa anakumbuka kuliko sisi sote. Salimu kapokea kwa adabu, kaanza kufungua kichupa.

"Tumekubali!" Bakari akapaza sauti. "Mishi ni wenu! Fatiha, wazee, someni Fatiha! Ziba hicho kichupa, kijana, kahawa inapoa!"

Kahawa yenyewe haijatiwa motoni.

Nimwaka akaivaa herini yake polepole, akimtazama mumewe kwa upole wa kutisha. Nilicheka mpaka nikalia. Nikageuka nikufinye paja kama zamani, nikafinya mkeka. Basi nikalia kweli.

Buriani, shoga yangu. Mishi nitampaka liwa kwa mkono wangu, kwa kijiwe chako, mahali pale palipochimbika kwa kusugua kwako. Ubavuni kwangu hatakaa mtu. Arusini watakuja wa Bodo, wa Waa, wa Diani, na huyo Mzungu wa mawe kaahidi kuvaa kanzu. Wote tunawangoja Ijumaa ya mwanzo ya Mfungo Mosi, Ramadhani ikiisha, baada ya sala.