Reine na Mishale ya Juu ya Farasi

Mama Consolate, mushauri wetu wa radio, nakuja kwako moyo umetulia lakini kichwa bado kinazunguka, na unisamehe maandishi, mimi masomo sikufika mbali. Sisi tulitoka upande wa Niemba wakati wa vita ya mishale, mutoto wangu Reine nilikimbia naye mugongoni, na baba yake, Papa Eugène, mushale ulimuingia kwa bega, mpaka leo ule mukono haunyanyuki vizuri, kwetu nyumbani neno mushale hatulitaji.

Sasa juzi nilikuwa nageuza ndagala zangu, wale samaki wadogo, kwa jua, nikasikia Reine ndani ya chumba na Hénoc, mutoto wa jirani. Reine anasema, "Wanatokea kwa muto, wewe kaa kwa mulango, mimi nitawapiga mishale nikipita." Hénoc anamujibu, "Usiache hata mumoja, jana walituchomea nyumba." Mama, nilisema mutoto wangu ameingia uasi. Sikuuliza kitu, ndagala nikaziachia kuku, nikakimbia kwa Papa André, shefu wa avenue, mukubwa wa mutaa wetu, naye akaja na vijana wenye fimbo, wakasukuma mulango. Tunakuta watoto wamelala tumbo kwa kitanda, telefone katikati, na ndani ya telefone kuna muchezo, mwanamuke amepanda farasi, yule munyama wa picha za Biblia, farasi anakimbia, mwanamuke ameachilia kamba anavuta upinde, na juu joka linatema moto. Papa André akainama, akatazama sana, akasema, "Mama Reine, tumufunge nani, farasi ama hili joka?" Nililia na kucheka pamoja, nikamushukuru Mungu.

Lakini Reine hacheki. Avenue yote inamuita Muasi, na mimi ananiwekea sahani mbele anageuka. Siku ile alisema neno moja tu: "Mama, mule ndani ya muchezo mimi ndiyo nalinda kijiji." Na Papa Eugène anarudi Jumamosi na boti ya Moba. Nimukataze Reine ule muchezo kabla baba yake hajafika, ama nimufichie, ama nifanye nini? Naogopa lile bega.

Ni mimi Mama Julienne, hapa Kalemie.

Jibu la Mama Consolate

Mama Julienne, pole, na tumshukuru Mungu, maana hofu kama yako ingeweza kuishia kwenye kilio, yako imeishia kwa kuku walioshiba ndagala. Aliyeona moshi wa kijiji chake hawezi kusikia habari za mishale akaendelea kugeuza samaki. Lakini uliupita mlango wa mtoto wako ukaenda kugonga wa shefu. Ungeita tu "Reine", angeitika.

Sasa sikia. Ulimshitaki mbele ya watu, basi msamaha pia umuombe mbele ya watu: nenda naye kwa Papa André, wale vijana wakiwepo, useme mtoto hana kosa, na shefu mwenyewe alikataze hilo jina. Mchezo usiukataze, na baba usimfiche. Akishuka boti mpe chakula, kisha umwambie kwa kinywa chako, kabla avenue haijamwambia kwa vicheko. Yeye ndiye atasema kama anaweza kuutazama mchezo huo. Akishindwa, Reine achezee kwa kina Hénoc, na sauti ya telefone ishuke, jirani zako wengi walikimbia kama wewe.

Na lile neno moja, ulilisikia kweli? Ulimtoa kijijini mgongoni mwako. Leo amepanda farasi, amerudi kuwalinda waliobaki. Nenda ukae naye kwa kitanda, umuombe akuonyeshe namna ule upinde unavutwa.

Ndagala uzifunike kwanza.