Ukurasa wa Kwanza na Aliyeulipia

Kikuyu, Dodoma
Jumapili, baada ya ibada

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Na Mama naye shikamoo, maana najua amekaa hapo pembeni anakuuliza nimeandika nini. Hali zenu huko Tukuyu zikoje? Goti la Mama limepata nafuu, au bado anapanda kwenda kisimani akisema haliumi? Mdogo wangu Lusajo aliniambia kwamba siku hizi hata simu ikiwekwa sauti ya mwisho wewe unasikia kama upepo tu. Ndiyo maana nimeacha kupiga simu nikashika kalamu. Nilidhani nitachoka baada ya ukurasa mmoja, kumbe kwenye karatasi nakueleza mambo ambayo kwenye simu ningeyaruka.

Mimi ni mzima. Huku upepo umeanza, ule wa baridi unaobeba vumbi, na vumbi hilo linaingia hata kwenye sufuria iliyofunikwa. Nimeshazoea. Mboga ya mlenda pia nimeizoea, mwambie Mama asinicheke.

Katika barua yako uliniuliza jambo ambalo limenikaa kichwani: kama hicho kivinjari tunachokitafsiri kinatolewa bure, wanaokitengeneza wanakula nini? Nilitaka kukujibu kwa sentensi mbili. Nilishindwa, na wakati nikitafuta jibu mambo yametokea ambayo ni vizuri uyasikie kwangu mwenyewe kabla hujayasikia kwa wengine.

Nikukumbushe kidogo. Kivinjari ni ile programu unayoifungua kwenye kompyuta au simu ili uingie mtandaoni. Viko vingi, na vingi ni vya makampuni makubwa yanayotaka kujua umesoma nini, umenunua nini na umelala saa ngapi. Hiki chetu ni cha shirika la nje lisilotafuta faida. Wanasema mambo ya mtu ni yake, wasiyachungulie wala kuyauza. Hilo ndilo lililonivuta miaka minne iliyopita, nilipojiunga na kikundi cha hapa Dodoma kinachokiweka katika Kiswahili. Tuko tisa. Mchana natengeneza kompyuta kwenye karakana ya Kizota, na jioni tatu kwa wiki nilikuwa mratibu wa kikundi, kazi ambayo shirika lilikuwa likinilipa posho.

Sasa, wanakula nini? Nilipochimba nilishangaa. Sehemu kubwa ya fedha zao inatoka kwa kampuni moja kubwa ya kutafuta habari mtandaoni, na kampuni hiyo ina kivinjari chake yenyewe kinachoshindana na hiki chetu. Inalipa ili mtu akifungua kivinjari chetu na kuandika anachotafuta, swali liende kwao kwanza. Yaani Baba, ni kama duka la mpinzani wako ndilo linakulipia kodi ya duka lako, na wewe ukutani umeandika kwamba wateja wajihadhari na yule mpinzani. Nilikaa siku nzima nikijiuliza kama huo ni ujanja, au ni unafiki, au ni namna pekee ya kuishi.

Nilimuuliza Bi Salama. Huyu ni Mrangi wa Kondoa, mama mtu mzima aliyefanya kazi ya kupiga chapa hotuba za wabunge mpaka akastaafu, na ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu Kiswahili chetu. Hakuna neno linalopita bila yeye kuliweka mdomoni kwanza. Akanijibu kwamba yeye amechapa hotuba za watu wa kila upande na mshahara ulikuwa ule ule, lakini hakuna siku aliyoambiwa abadili hotuba ya mtu. Kwake mpaka uko hapo. Anayekulipa akianza kukupa maneno ya kusema, ndipo kazi imeharibika.

Niliona jibu hilo ni safi mno. Halafu likaja jaribu la kwetu wenyewe.

Mwaka huu shirika lilituandikia kwamba fedha zimepungua, na vikundi vya lugha ndogo vijitafutie wafadhili wa nyumbani. Eti Kiswahili nacho ni lugha ndogo. Bi Salama aliisoma barua ile mara mbili, akavua miwani. Sisi tunatengeneza ukurasa wa kwanza wa toleo tunalowawekea watu vijijini, ule unaotokea mara tu kivinjari kinapofunguka, na shirika lilituruhusu kuweka tangazo moja hapo, mradi lisimfuatilie mtu.

Aliyempata mfadhili ni Hassani. Naye ni mmoja wetu tisa, kijana wa Kondoa pia, ananunua ufuta kwa wakulima na kuuleta mjini, na ndiye aliyetuunganisha na vijiji vingi kuliko sisi wote kwa pamoja. Kampuni yenyewe ni ya kubeti mpira. Ilikuwa tayari kulipia chumba chetu, mtandao na posho yangu kwa miaka miwili. Sharti lilikuwa moja, kwamba tangazo liandikwe na sisi, kwa Kiswahili kile kile cha kwetu.

Bi Salama alikataa hapo hapo. Hassani akamwambia kwa heshima kwamba shirika kubwa linakula kwa mpinzani wake na watu wanalipongeza, mbona sisi tukila kwa kampuni ambayo haina hata kivinjari iwe dhambi? Ukweli Baba, hoja yake niliiona ina nguvu. Nilikumbuka lile tangi la maji la shule yetu, lililotolewa na kampuni ya bia na kuchorwa nembo yao ubavuni. Wewe ndiye uliyekuwa mwenyekiti wa kamati, na Mama alikaa wiki nzima bila kukusemesha vizuri. Lakini maji tulikunywa, na mimi sijawahi kuonja bia. Hujaniambia kamwe kama lile tangi lilikusumbua moyoni. Ningependa kujua.

Basi nilisimama upande wa Hassani. Nikapendekeza tusigombane kwa kukisia, tukawaulize watumiaji wenyewe. Tungeweka tangazo la majaribio kwa wiki moja kwenye kompyuta chache, tuone kama linamkera mtu. Bi Salama alikataa kuligusa, kwa hiyo niliandika mimi. Nilihangaika nalo jioni nzima mpaka likawa tamu: “Unaujua mpira kuliko wenzako. Leo ujuzi wako ulipwe.”

Nikaenda nalo Kibakwe, kule milimani Mpwapwa, ambako wakulima wana chumba chenye kompyuta tatu za kuangalia bei za mazao. Gari lilipoanza kupanda nilitoa kichwa dirishani. Kuna ukungu, Baba, na mashamba ya maharage yamelala kwenye miteremko kama ya kwetu. Njia nzima nilikuwa nikiwakumbuka.

Siku ya kwanza na ya pili hakuna aliyelalamika. Nilimpigia Hassani nikamwambia mambo ni shwari. Siku ya tatu aliingia mwanamke mmoja, Mama Stela, mfanyabiashara wa maharage. Namfahamu tangu tulipowafundisha mwaka juzi. Ni mtu wa kusoma kila neno kwenye kioo kwa kidole, na akishaelewa hasahau. Alisoma tangazo langu, akanigeukia.

“Atuganile,” akasema, “kwa hiyo ninyi mmeshauri tucheze?”

Nikamweleza kwamba si sisi, ni kampuni iliyolipia nafasi hiyo. Akasoma tena. Akaniambia kwamba hapo juu pameandikwa karibu, hapo kati pameandikwa namna ya kulinda neno lako la siri, na hapo chini pameandikwa hilo la mpira, na yote yanasikika kama mtu mmoja anaongea. Yeye atajuaje kwamba katikati ya maongezi amebadilika msemaji? Kisha akasema, bila ukali wowote, kwamba kijana wa dada yake amecheza tangu juzi, akijua ni mafunzo tuliyoleta.

Nilitafuta kiti nikakaa. Nilikuwa nimekuja kupima kama tangazo linakera, na ubaya wake ulikuwa kwamba halikumkera mtu yeyote. Kampuni haikutaka nafasi kwenye ukurasa, ilitaka sauti yetu, na mimi ndiye niliyeipa. Nililitoa siku ile ile kwenye kompyuta zote tatu. Nilimwomba Mama Stela anipeleke kwa yule kijana, nikamweleza kwa mdomo wangu kwamba nilikosea. Alinisikiliza tu kwa adabu. Sijui kama ameacha.

Kabla sijaondoka nilimuuliza Mama Stela jambo lingine, kwa sababu sasa udadisi ulikuwa umenishika. Anapotafuta bei, je, anajua ni nani anayemjibu? Akasema ni kivinjari. Nikamwambia hapana, ni kampuni nyingine, nayo imelipa ili iwe ya kwanza, na angeweza kuchagua nyingine.

“Miaka miwili mmenifundisha,” akasema, “na hilo hamkunitajia.”

Niliporudi Dodoma tulikutana wote tisa, na kwa njia ya video alikuwepo Njeri, mama wa Nairobi anayeshughulika na vikundi vyetu kwa niaba ya shirika. Nilieleza yote, pamoja na lile la kusimama upande usiofaa. Hassani hakunibishia. Aliuliza kwa sauti ya chini jina la yule kijana ili akamwone, kwa sababu yeye hununua ufuta hadi maeneo yale, na baadaye ilipopigwa kura naye alinyoosha mkono wa kukataa. Habari ya kampuni ya kubeti ilikwisha hapo.

Lakini nilikuwa nimebaki na swali, nikamuuliza Njeri. Nilimwambia kwamba sisi tumekataa fedha zilizojificha ndani ya sauti yetu. Je, zile za kampuni ya kutafuta hazijajificha vile vile? Nilitegemea atajitetea. Akasema kwamba swali hilo wanaulizana wao kwa wao kila mkataba unapokaribia kwisha. Wakikataa fedha zile, wahandisi wengi wataondoka, kivinjari kitazeeka, na watu watabaki na vile vya makampuni tu. Wakizipokea, kila siku wanampeleka mtu kwa yule yule wanayemwonya. Kuna wenzake walioacha kazi kwa ajili hiyo, na anawaheshimu. Yeye amebaki.

“Sina jibu linaloniruhusu kulala vizuri kila siku,” akasema. “Ninachoweza ni kutokuficha.”

Bi Salama akauliza: kama hakifichwi, kimeandikwa wapi? Njeri akasema kipo kwenye ripoti ya kila mwaka. Bi Salama akauliza tena, kwa upole, kama ripoti hiyo iko kwa Kiswahili.

Haipo. Basi tulifanya kazi hiyo kwa jioni mbili, si ripoti nzima, sentensi mbili tu za kuweka kwenye ukurasa wa kwanza, chini ya sehemu ya kutafutia. Bi Salama alizikata na kuzishona mpaka zikabaki hivi: “Majibu haya yanatoka kwa kampuni iliyotulipa ili iwe ya kwanza. Ukipenda nyingine, bonyeza hapa.” Njeri alizipeleka kwa wakubwa wake. Walijibu kwamba kwenye toleo la dunia nzima haiwezekani, mkataba una masharti yake, lakini kwa ukurasa tunaoutengeneza sisi hawatatuzuia. Sijui kama huo ni ujasiri au ni woga. Labda ni vyote viwili. Bado nawaza.

Gharama imekuja pia. Chumba tumekirudisha, tunakutana Jumamosi mchana kwenye karakana ya Kizota mashine za kuchomelea zikizimwa. Posho yangu imekwisha, kwa hiyo nitakachokuwa nawatumia kitapungua kwa muda. Nimeshaomba kuongezewa siku karakanani. Msinionee huruma, kazi ninaipenda.

Wiki iliyopita nilipanda tena Kibakwe kuweka ukurasa mpya. Mama Stela alikuja, akavuta kiti, akapitisha kidole kwenye zile sentensi mbili, neno kwa neno. Akabonyeza. Zikatokea kampuni tano za kutafuta, na maelezo mafupi ya kila moja. Alizijaribu zote kwa bei ya maharage, mimi nimesimama nyuma yake kama anayesubiri matokeo ya mtihani. Mwisho akarudi kwenye ile ile ya kwanza, ile yenye fedha, akaichagua. Nadhani aliona uso wangu umebadilika.

“Hii ndiyo inayonipa bei ya soko la Kibaigwa upesi,” akasema. “Tofauti ni kwamba leo nimeichagua mimi.”

Akaandika swali lake, akaendelea na kazi.

Baba, nisalimie Mama na umwambie apumzishe goti. Salamu kwa kaka Ambokile fundi seremala, na kwa shangazi Tusekile sokoni kwenye ndizi zake. Lusajo naye asome kwa bidii huko chuo cha uuguzi, na mpe asante kwa kukuletea maandishi yangu ya ovyo. Bi Salama anakusalimu, anasema mtu anayemuuliza binti yake maswali ya namna hii angependa kumwona. Nami nakuombea afya, nikiwa bado na vumbi la Dodoma kwenye karatasi hii.

Ni mimi binti yako,
Atuganile