Kaka Alituonyesha Simba

Nyumbani, ghorofa ya tatu,
Nyuma ya soko la mboga.
Jumatano, 14 Agosti.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo umepunguza ukorofi wake, na Baba Mdogo amepona kile kikohozi tulichokuwa tukikisikia hata kwenye simu. Mapacha hawajambo? Mwambie yule mkubwa kwamba picha ya nyumba yetu aliyoichora tumeibandika mlangoni, ingawa ametuchorea bustani ambayo hatuna.

Sisi huku tunaendelea. Miguu ya Mama bado inavimba akisimama sana, na ngazi anazipanda kwa kupumzika kila ghorofa, huku akimlaani fundi wa lifti ambaye huja, huitazama lifti kama mtu aliyekuja kumwona mgonjwa, na kuondoka. Anakula vizuri. Chumba cha Kaka anakifagia kila wiki na kubadilisha shuka, na mimi bado nalala sebuleni kwenye kochi, miguu ikining'inia.

Utashangaa kwa nini naandika wakati simu ipo. Nyumba yetu unaijua, ukiongea sebuleni jikoni wanakujibu. Na wewe, Mama Mdogo, kwa heshima zote, kwenye simu una maneno matamu. Ungenipotezea njia kabla sijafika ninakokwenda. Karatasi hainikatizi. Tafadhali kaa chini, usome mpaka mwisho.

Jumamosi tulimuaga fundi wetu mzee pale maabara ya maji, anastaafu. Alipoulizwa anataka kuagwaje, alisema amepima maji ya mji huu tangu ujana wake na hajawahi kumwona mnyama yeyote akiyanywa, isipokuwa paka wa mlinzi. Basi ofisi ikatafuta safari ya nusu siku katika mbuga iliyo nje kidogo ya mji, ile ambayo ukisimama katikati ya nyasi bado unaona maghorofa kwa mbali. Unaondoka alfajiri, chakula cha mchana unakula kwako. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Sikuwa nimetoka nje ya mji tangu nilipoikataa ile nafasi ya masomo.

Getini tuliambiwa tumngoje mwongoza wageni. Alikuja akitokea nyuma ya gari, nikaisikia sauti kabla ya kuuona uso. "Karibuni sana. Wakubwa, shikamooni. Leo tutakwenda taratibu. Wanyama hawana haraka na mimi sina." Nikajiambia masikio yamechoka kwa kuamka mapema. Nikageuka.

Alikuwa Kaka.

Kaka yangu mimi, Mama Mdogo. Huyo anayeishi kwako huko ng'ambo. Huyo ambaye Jumapili iliyotangulia ulimwambia Mama kwamba amemkosa kidogo tu, ndiyo kwanza ametoka kwenda kazini na koti lake zito. Alikuwa amesimama mbele yangu na sare ya kaki na darubini shingoni, amenenepa kidogo, na jua limempiga.

Aliniona. Mkono wake ukaganda kwenye mlango wa gari. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya kazi, "Karibu dada, angalia kichwa hapo juu," akanipisha nipande kama anavyompisha mtu yeyote.

Utaniuliza kwa nini sikupiga kelele. Nimejiuliza mwenyewe siku zote hizi. Nadhani nilikuwa namngoja. Nilidhani akiwasha gari atageuka acheke, aseme, jamani, huyu ni mdogo wangu, nimerudi juzi, nilitaka kuwashtua nyumbani. Nilikuwa tayari kumsamehe hapo hapo. Nilikuwa tayari hata kucheka. Gari likaondoka, akaanza kutueleza tofauti ya punda na pundamilia.

Alituambia mengi, na aliyasema vizuri. Alisema nyati dume akizeeka huondoka kundini akaishi peke yake, na hapo ndipo huwa mkali. Sijui kama alikuwa ananiambia mimi au ni maneno anayoyasema kila asubuhi. Nilitazama kisogo chake, lile kovu la pasi alilolipata alipokuwa akinikimbiza chini ya meza, na sikuweza kujua.

Wana redio ndani ya gari, waongoza wageni wanaitana. Simba hawamtaji kwa jina, wanasema "mzee", ili wageni wasianze kupiga kelele, na wasivunjike moyo mzee akiwa ameshaondoka. Ikasikika sauti: "Ng'ambo, Ng'ambo, mzee amelala karibu na bwawa."

Mhasibu wetu, mama mmoja ambaye hakuna kinachompita, akadaka. "Mbona wanakuita Ng'ambo?"

"Nilikaa huko kidogo, mama. Baridi ikanirudisha."

"Pole, mwanangu. Na umerudi lini?"

"Kitambo. Kabla ya mvua za mwaka jana."

"Basi mama yako alifurahi huyo! Alipiga vigelegele?"

Kaka akanyoosha mkono. "Tazameni kulia. Twiga."

Tukainuka wote. Palikuwa na nyasi, na kichaka kimoja kifupi, na maghorofa ya mji huko nyuma.

"Yuko wapi?" akauliza Mhasibu.

"Ameingia kichakani."

"Twiga?" akasema fundi mzee. "Kichaka kile? Labda amepiga magoti."

Gari zima likaangua kicheko. Kaka naye akacheka. Mimi nilikuwa nazihesabu mvua. Mama Mdogo, baada ya mvua zile ndipo nilipokupigia simu nikiwa nimejifungia bafuni, maji yakitiririka ili Mama asinisikie. Nilikueleza kwamba nimepata nafasi ya kusomea maji katika chuo cha mbali, jambo nililoliota tangu sekondari, na kwamba siwezi kumwacha Mama peke yake na ngazi hizi. Nilikuomba umuulize Kaka kama anaweza kurudi. Wewe ulinijibu baada ya siku chache kwamba umekaa naye, mmezungumza, na kazi yake haiachiki. Ukasema, "Vumilia mwanangu, zamu yako itakuja." Nikavumilia. Nikawaandikia kwamba siji. Na wakati huo alikuwa hapa, mwendo wa asubuhi moja kutoka kwenye kochi langu, anawaonyesha watu ngiri.

Simba tulimwona. Alikuwa amelala chali kama mtu aliyeshiba, na wenzangu wakanyamaza kwa heshima. Fundi mzee alitokwa na machozi. Ningependa kukuambia nami niliona kitu. Niliona kisogo cha kaka yangu.

Tulisimama mahali pa kupumzikia, pana meza za zege na vyoo. Wenzangu walipokwenda kunywa chai, nilimfuata nyuma ya gari. Alikuwa anajifanya kukagua tairi.

"Kijiti, tafadhali," akasema. "Usinifanyie hivi mbele ya wageni."

"Na mimi ni mgeni?"

"Leo umekuja na wageni."

Nikamuuliza anapiga simu kutoka wapi kila Jumapili. Akasema anakaa chumba cha wafanyakazi huko huko mbugani, na simu aliyorudi nayo bado ina namba ya kwenu. Unajua Mama humwambia nini kila mara? Humwambia avae soksi mbili. Nimemsikia kwa masikio yangu akimsihi ajifunike kifua, na yeye anaitikia, ndiyo Mama, kuna baridi kweli, wakati yuko kwenye jua hili hili linalotuchoma sisi.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema: "Uliona walivyonisindikiza. Mtaa mzima ulikuja uwanja wa ndege. Ukirudi mikono mitupu watu hawasemi umerudi. Wanasema umeshindwa. Nilitaka nisimame kwanza."

"Mama hakukutuma ulete kitu."

"Hujui wewe."

"Najua. Mimi ndiye ninayeishi naye."

Hapo akasema maneno ambayo nadhani hakukusudia kuyasema. Alisema, "Muulize Mama Mdogo. Yeye ndiye aliyesema tungoje kwanza, Mama asije akapata mshtuko. Kila nikitaka kuja nyumbani ananiambia bado." Kisha akaona uso wangu, akaanza kukutetea.

Mpaka hapo, Mama Mdogo, nilidhani amekudanganya na wewe. Nilikuwa nimeshakuonea huruma. Nilishaanza kupanga nitakavyokueleza bila kukuumiza, kwamba mtoto uliyempokea ametoroka akakuachia aibu ya kutunga majibu. Kumbe majibu ni yako mwenyewe.

Sehemu iliyobaki ya safari sitaki kuisimulia yote, lakini kuna jambo moja ambalo siwezi kulibeba peke yangu. Mhasibu alipokuwa ameshashiba mandazi akamwuliza Kaka kama ameoa. Akasema bado. "Basi huyu binti yetu hapa ana digrii, ana adabu, tatizo lake ni kununa tu. Mtazame kwenye kioo!" Watu wakapiga makofi. Kaka akanitazama kwenye kioo cha gari, mara ya kwanza tangu alfajiri, akasema, "Huyu ni kama dada yangu."

Kama. Nililipokea neno hilo mbele za watu, nikatabasamu, ili nisimwaibishe.

Tuliporudi getini alitupa mkono mmoja mmoja. Mkono wangu aliushika kidogo zaidi, akasema, "Karibu tena."

Nyumbani Mama alikuwa anachambua mchele. Akaniuliza nimeona nini. Nikasema nimemwona simba amelala. Akacheka, akasema, "Kaka yako angependa sana hayo. Kule kwao wanyama wote wako kwenye vizimba. Jumapili nitamsimulia." Na kweli, Jumapili akamsimulia. Nilikaa pembeni nikamsikia Mama akimweleza Kaka, kwa furaha, simba aliyeonyeshwa na Kaka. Na Kaka akauliza, "Kweli? Mkubwa?"

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwenu imezunguka dunia na kurudi, na Mama ndiye aliyeitembea, kwa miguu yake ile.

Sikuandikii nikutukane. Uliniosha nikiwa mchanga, ulinifundisha kusoma kwenye magazeti ya kufungia nyama, na kitu chochote kizuri nilichokuwa nacho moyoni nilikuletea wewe kwanza, hata kabla ya Mama. Ndiyo maana hili la Kaka naliona naweza kuliponya siku moja. Yeye ana aibu, na aibu naielewa. Lakini wewe hukuwa na aibu yoyote ya kuficha. Wewe ulikaa, ukanisikia nikilia huku maji yakitiririka bafuni, ukijua jibu, ukanipa lingine. Ulipima kati yetu wawili nani avunjike moyo, ukanichagua mimi kwa kuwa ulijua sitapiga kelele. Nimelitafuta jina lingine la jambo hilo nikalikosa.

Sasa nikueleze nilichofanya. Jumatatu niliwaandikia wale wa chuo. Leo wamejibu kwamba bado wananitaka, masomo yanaanza mwezi wa kwanza. Nitakwenda. Sijaomba ruhusa ya mtu, na sitabadilisha. Kwa hiyo Mama atahitaji mtoto nyumbani, na mtoto huyo yupo. Kaka nimemwambia hivyo kwa simu. Amesema nimpe nafasi. Nimemwambia nafasi ninayo moja tu, nayo ni yangu.

Kumwambia Mama sitamwambia mimi. Nilifikiri sana juu ya hili. Nikimwambia mimi, nitakuwa mchongezi, ninyi mtakuwa wenye huruma mliotaka kumlinda, na yeye atanililia mimi badala ya kuwauliza ninyi. Uongo huu una wenyewe. Mwenyewe aliyeanza kumngojesha Mama bila Mama kujua anangojeshwa nini, ni wewe. Mama ni dada yako. Unajua namna ya kumwambia mambo mazito. Umewahi kumwambia kifo cha Baba.

Barua hii anakuletea yule muuguzi wa ghorofa ya kwanza anayesafiri kesho kuja huko, kwa hiyo itakuwa mikononi mwako kabla ya Jumapili. Nisalimie Baba Mdogo na umwambie kikohozi akitafutie daktari, si tangawizi tu. Wabusu mapacha, na yule mkubwa umwambie aendelee kuchora. Msalimie na dada yetu wa kwanza, aliyeolewa huko huko, akija kuwatembelea. Sijui kama naye alijua, na naomba usiniambie.

Mungu akulinde huko uliko, akupe usingizi mwema, na akupe moyo wa kusema hata ulimi ukisita.

Jumapili Mama atakupigia baada ya kuoga, kama kawaida yake, na atakuuliza, "Mwanangu hajambo, yupo?" Nitakuwa nimekaa karibu naye. Simu nitaifungulia sauti. Sitasema neno. Nitakuwa nakusikiliza.

Mwanao bado, kwa mapenzi ambayo hayajui pa kwenda,

Kijiti