Issa, Wameandika Kwamba Hukuwa Umelewa

Rafiki yangu Issa,

Wamelipa! Naanzia hapo kwa sababu najua hukupenda mtu wa kuzungukazunguka. Watu wa bima wamelipa, na kabla ya kulipa imeandikwa kwenye karatasi yenye mhuri kwamba hukuwa umelewa. Nimekaa juu ya tofali hapa Msalato, siku hizi nina kibarua cha ujenzi. Wenzangu wanakula, mimi nakuandikia wewe.

Siku ile tulipakia zabibu kule Mkonze kama kawaida, wewe na guta lako la magurudumu matatu, mimi mpakiaji wako kwa miaka sita. Njiani kuelekea kiwanda cha mvinyo tairi la mbele likapasuka, guta likapinduka, kreti zote zikakuangukia. Waliokutoa walikukuta umelowa maji ya zabibu kuanzia kichwani. Askari akaandika habari ya tairi, halafu chini yake akaongeza: marehemu alikuwa ananuka pombe.

Maneno manne tu, Issa. Wewe, Mrangi wa Kondoa, Mwislamu uliyekataa hata kunishikia chupa yangu nikiwa nafunga kamba! "Elia, mimi nabeba zabibu. Mvinyo ubebe mwenyewe."

Mkeo, Mama Zainabu, alipopeleka madai ya ile bima yako ya maisha, barua ikarudi. Yamekataliwa. Kifo kilichosababishwa na ulevi hakifidiwi. Nilimkuta nyumbani kwenu Nzuguni ameishika tu, hata chai hajabandika. Akaniambia, "Shemeji, hela ningeivumilia. Lakini habari imeshafika Kondoa. Mama mkwe ameniuliza kama kweli mwanawe alikufa mlevi." Mama yako alikuwa ameacha kwenda kwenye shughuli za watu, asije akaulizwa.

Tukautoa mkataba kabatini. Kuna ukurasa mzima wa mambo wasiyolipia, Issa, sidhani kama uliwahi kuusoma: vita, mtu akifa katika uhalifu, akijiua mapema baada ya kukata bima, ulevi. Mama Zainabu akawa anapitisha kidole mstari kwa mstari, mara kidole kikasimama.

"Shemeji, hebu soma hapa. Wameandika kilichosababishwa na ulevi. Hawakuandika harufu."

Nilitaka kuruka! Kumbe kukataliwa kuna maneno yake, na maneno hayo yana mipaka. Kilichokuua ni tairi, askari mwenyewe kaandika. Na damu yako hakuna aliyeipima. Chini ya barua ile ile palikuwa na mstari mdogo unaosema tunaweza kupinga.

Tukaenda ofisini kwao. Kijana wa madai alitusikiliza kwa adabu, akasema, "Sawa mama, lakini harufu hiyo ilitoka wapi? Bila maelezo, faili halirudi juu."

Mkeo akanigeukia. "Shemeji, wewe ndiye uliyepakia."

Nikasema sijui.

Issa, nilijua. Zile kreti tatu za zabibu zilizopasuka na kuchacha juani, ulizoniambia nizimwage, sikuzimwaga. Tulikuwa tunalipwa kwa kreti. Nikatandika nzuri juu yake, nikafunga kamba, nikakuambia nenda. Harufu waliyokubandika wewe ilikuwa yangu. Na msibani kwako watu walipoanza kunong'ona nilikuwepo, nimekaa, nimenyamaza. Ningesema nini... Ningesema. Basi tu.

Siku nne sikupita Nzuguni. Ya tano nikaenda, nikamweleza mkeo yote nikiwa nimesimama mlangoni. Alinitazama mpaka nikaona heri angenipiga. Kisha akaingia ndani, akarudi na karatasi na kalamu.

"Andika hayo hayo," akasema. "Na jina lako uliweke."

Nikaandika, nikaapa mbele ya wakili. Mwenye shamba la Mkonze alipopata habari akaniambia nisikanyage tena kwake, na hakukosea. Kampuni bado ikang'ang'ania, tukapeleka shauri kwa wasuluhishi wa migogoro ya bima. Laiti ungekuwepo! Msuluhishi ni mama mmoja mwenye sauti ya upole. Akawauliza, "Mna kipimo cha damu?" Hawana. "Mna mtu aliyemwona akinywa?" Hawana. Akasoma maelezo yangu, akavua miwani. "Anayesema hatalipa kwa sababu ya ulevi, yeye ndiye wa kuuthibitisha ulevi. Si mjane." Mama Zainabu alinifinya mkono mpaka kucha zikaingia. Uamuzi ukatoka na mhuri: marehemu hakuwa amelewa, kampuni ilipe.

Jana nilikwenda Kondoa na nakala ya uamuzi. Mama yako alinikaribisha, nikamwamkia, nikaanza kusoma. Kiswahili cha ofisini kikampita. Nikaiweka karatasi pembeni, nikamwambia, "Mama, wameandika kwamba Issa hakuwa amelewa." Na zile kreti nikamwambia pia. Halafu akanishika mkono, akanitoa nje hadi uani, karibu na uzio ambao upande wake wa pili majirani walikuwa wakipepeta mtama.

"Soma tena. Paza sauti."

Nikasoma. Akasema, "Tena." Nyungo zikasimama. Nikasoma mara nne, Issa, sauti ikakauka, na kila nilipofika kwenye jina lako alilitamka pamoja nami, jina la baba yako na la babu yako pia.

Mvua zikianza nitakuwa kule, nilime lile shamba lake ulilokuwa ukimlimia. Nimemwahidi yeye, na sasa nakuahidi wewe. Alinijibu kwamba jembe lako bado liko nyuma ya mlango, na kwamba nisichelewe.

Lala salama, ndugu yangu.

Elia