Usiyachome Mabua

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto, na kwamba mgongo wa mama umepata nafuu. Mimi sijambo. Mama mwenye nyumba tu ndiye aliyekuwa hanielewi, maana kila jioni nilirudi nikinuka spiriti. Nilimweleza kuwa kiwandani tunachemsha mabua ya ngano ndani ya spiriti mpaka yalainike, tupate rojo la kutengeneza karatasi. Akasema hata marehemu mumewe alikuwa na maelezo mazuri.

Kazi yenyewe ni ya jikoni. Mabua yaliyokatwakatwa yanaingia kwenye tangi la chuma, yanamiminiwa spiriti na maji kidogo, mfuniko unakazwa, yanapikwa saa tatu. Mvuke wa spiriti tunaupoza ili tuitumie tena. Kupoza ndiyo ilikuwa zamu yangu.

Najua bado una uchungu kuhusu magunia ya mabua uliyotuletea tuyajaribu. Fundi mkuu alipofungua tangi akakuta vijiti vigumu badala ya rojo, alisema mabua yako yameoza na hataki kuyaona tena. Shemeji ameniandikia kwamba unakusudia kuyachoma yote yaliyobaki, na kwamba majirani uliowashawishi watunze ya kwao hawakusalimii.

Usiyachome, kaka. Kosa lilikuwa langu. Katika pishi lililotangulia lako sikukaza vali, spiriti nyingi ikatoroka na mvuke. Zamu yako ilipofika, pipa la spiriti lilikuwa nusu. Niliogopa kusema, nikajazia maji, na kwa maji mengi hivyo mabua hayaivi. Fundi alipoyalaumu mabua yako nilikuwa nimesimama pale pale, nikanyamaza. Nimekubebesha mzigo wangu miezi miwili, na naona aibu.

Jumatatu nilimwambia fundi. Amenitoa kwenye tangi, sasa nafagia ghala, na ni haki yake. Gunia lako moja lilikuwa limebaki. Alilipika mwenyewe. Karatasi hii uliyoshika imetoka humo. Anasema ulete yote, na majirani walete ya kwao.

Nisalimie mama, umwambie nakula vizuri. Siku hizi sinuki kitu, na mama mwenye nyumba anawatangazia wapangaji kwamba nimeacha pombe.

Ni mimi mdogo wako,
mfagia ghala