Mahali pa Misenga

Kindu, karibu na gare ya treni
Tarehe 14 mwezi wa sita, 2023

Mpendwa yaya Albertine, dada yangu mukubwa,

Nakusalimia sana, wewe na shemeji Ilunga. Magoti yako yanaendeleaje? Na ile presha, imeshuka? Mimi ni muzima, tena bado muzuri: hapa Kindu hata wajane wa kanisa wananitupia macho. Muke wangu Mamy anacheka tu, anasema ni macho ya huruma.

Treni inakuja siku inapotaka yenyewe. Muchele wa Kibombo ulikuwa mwingi mwaka huu, tunakula.

Barua yako nimeipata. Nimeisoma mara tatu, mimi wa darasa la tano, bila kuomba musaada kwa muntu. Unasema mwezi wa nane mutakuja na simenti kumujengea mutoto wako Misenga kaburi, mbele ya nguvu zako kuisha. Unaniomba nikuandikie shairi la kaka yetu Donatien, maana mule aliandika mahali alipomulaza.

Yaya, kaa chini kwanza.

Vita ilipokukatia njia kule Kananga na mutoto akabaki hapa na Donatien, yeye alikuwa anaandika kila kitu ndani ya kaye yake, lile daftari la shule. Hadithi, mashairi, majina ya walioenda. Misenga alipokufa na homa, mimi nilikuwa Punia kwa wachimbaji. Niliporudi, Donatien alinisomea lile shairi mpaka nikalishika lote. Mwezi uliofuata naye akatuacha. Kaye ikabaki kwangu.

Mwaka ule wa 2002 karatasi ilikosekana muji muzima. Kaye yote niliivutia tumbaku, ukurasa kwa ukurasa. Nilijiambia: kaye ni ya wenye diplome, mimi Didier niko na kichwa.

Na kweli shairi lilinipa jina. Kutoka hapa mpaka Lokandu, wakiwa na matanga, wananiita. Donatien aliandika jina la mutoto, halafu mahali anapolala. Mimi kila matanga niliondoa jina, nikaweka la marehemu wao. Niliondoa mahali, nikaweka pao. Wamama walilia, walinipa kuku. Muzee Okito alinishika mukono: "Didier, wewe njo mukubwa wa maneno!" Nikaitika, yaya. Miaka ishirini na moja ninaitika.

Sasa nimekaa siku nne niandike la Misenga. Jina ninaweka bila shida. Nikifika mahali, panakuja pote pamoja: nyuma ya depo ya treni, kwenye michikichi, kando ya kisima, ukingo wa muto. Nilienda na panga kutafuta. Nyuma ya depo wamejenga manyumba. Ukingo, muto umeshaukula. Nikamuuliza Mwanvua, aliyekuwa jirani ya Donatien. Akanitazama: "Lakini Didier, si wewe njo unajuaka? Unatuimbiaka kila matanga."

Nimekumbuka mashairi kumi na moja. Yote nimekuandikia nyuma ya karatasi hii, kila moja na mahali pake. Moja njo la mutoto wako. Sijui ni lipi.

Ukitaka kuja, uje, nyumba ni yako. Simenti usibebe.

Unisalimie shemeji na watoto, Mbombo na Daddy. Mamy anawakumbatia wote. Mungu akukalie karibu wakati unageuza karatasi.

Wako akupendaye, hata ukikataa kunijibu,

Didier, mudogo wako